Maji ya Waoka Mikate

Kila nikisikia watu wakisifu vita vile vikuu vya pili, medali na gwaride na jinsi vijana wetu walivyovuka bahari mpaka Bama, huko Asia, mimi hukasirika. Huwauliza swali moja tu: mnajua vijana hao walitumia maji ya nani kabla ya kupanda meli? Hawajui. Basi nitawaambia mimi, maana yalikuwa maji ya bibi yangu mzaa mama, Kafedha wa Timbwani, kule Likoni. Habari hizi nilizipata kwa bibi mwenyewe, aliyezisimulia kila alipokasirika, na mengine kwa baba yangu, ambaye ilibidi nimchimbe mpaka aseme.

Bibi alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, aliyebatizwa akiwa mtu mzima. Alikuwa mfupi, mikono yake minene, na sauti yake akiwa uani ilisikika mpaka kivukoni. Aliletwa Likoni na mumewe, babu Kalama, aliyekuwa kuli wa bandari ya Kilindini. Babu alirudi kazini jioni mgongo unamuuma, akala, kisha akashika sururu. Alichimba kisima kwenye mwamba ule wa matumbawe ambao majirani walimwambia hauna kitu. Wao walikuwa wamechimba wakapata maji ya chumvi. Yeye akapata matamu. Haukupita muda, mzigo ukakatika kamba bandarini ukamwangukia, na bibi akabaki na binti mmoja, Kache, mama yangu, na kisima.

Kisima hicho ndicho kilichomweka mjini. Alimwagilia mchicha, kunde na mabamia. Majirani waliteka bure, naye hakumtoza mtu, lakini mvuvi akipita alimwachia samaki, mwenye minazi alimwachia nazi, na akiugua kulikuwa na mtu wa kumpikia uji. Bila maji yale bibi angekuwa mjane wa Kigiriama asiye na kitu katika mtaa wa watu wengine. Hilo alilijua vizuri, na ndiyo maana alikilinda kama mboni ya jicho.

Kisima cha karibu na bahari kina adabu yake, na Likoni nzima iliijua adabu hiyo, hata watoto. Maji matamu hukaa juu, ya chumvi chini. Ukiteka kwa pupa, ya chini hupanda, na yakishapanda huyashushi kwa kuyaomba. Kwa hivyo watu walikuwa wakiteka alfajiri, na jua likianza kuwa kali bibi alikifunika kwa jamvi la makuti, kikalala mpaka alasiri. Msimu wa kaskazi, mvua zikiwa haba, hata hiyo alasiri aliifuta.

Sasa kuna jambo la ukwe, na hapa hasira yangu nyingine ndipo ilipo. Kwetu mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani. Ni heshima. Bibi aliyaacha mengi ya kwao alipobatizwa, lakini hilo alilishika kwa meno. Mama alipoolewa na Dishon Lewa, Mrabai aliyesoma misheni na kuoka mikate katika duka moja la mjini, bibi alianza kuchepuka kila alipomwona mkwewe njiani. Baba naye akija Timbwani alisimama nje ya ua, akakohoa, akageuza uso upande wa barabara. Mambo yao yote yalipitia kwa mama. Miaka ile yote hawakuwahi kupeana hata neno moja, na watu wa kanisani waliwasifu kwa tabia nzuri. Mimi siwasifu, kwa sababu naijua hasara yake.

Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa arobaini na tatu, katikati ya kaskazi. Mvua za vuli zilikuwa zimekataa, nchi nzima ina njaa, na mahindi yalipatikana kwa kibaba baada ya kupanga foleni tangu alfajiri. Baba alikuwa ameingia jeshini na kufanywa sajini wa kikosi kidogo cha waoka mikate. Kazi yao ingekuwa kuwaokea mikate askari huko ng'ambo. Ng'ambo ipi? Hakuna aliyewaambia. Walipewa makoti mazito ya sufu, wakatokwa jasho nayo siku nzima, kisha wakanyang'anywa, kisha wakapewa tena, kwa kuwa hata waliowapa hawakujua kama wanawapeleka kwenye baridi au kwenye joto.

Na ni nani mwenye akili timamu aliyeamua kuwapigisha kambi Timbwani? Meli hufunga Kilindini, kisiwani. Treni hushusha mizigo Changamwe, bara ya upande mwingine kabisa. Likoni iko kusini, maji katikati, na feri ni moja, ndogo, na wanamaji ndio wenye haki ya kuvuka nayo kwanza. Kwa hivyo kila kitu cha kikosi kile kilitoka Changamwe, kikaingia kisiwani, kikavuka feri kuja Likoni, ili siku ya safari kivuke tena feri ileile kurudi kisiwani. Matanuri ya chuma yalikuwa mazito kiasi kwamba la kwanza lilipopandishwa feri iliinama, wanawake wa mboga wakashushwa wakapiga kelele. Unga ulifika Likoni wakati hamira iko Changamwe. Hamira ilipofika ilikuwa imeshapigwa na jua ikafa.

Mabuti nayo yalikuwa membamba. Yalishonwa kwa miguu ya watu waliovaa viatu tangu utotoni, na vijana wale wengi walikuwa wametembea peku maisha yao yote, nyayo zimetanuka. Wakayapasua ubavuni kwa visu vya mikate ili vidole vipumue. Kapteni wao akawaadhibu kwa kuharibu mali ya Mfalme. Kapteni huyo alikuwa na jina, lakini silitii kinywani mwangu.

Kubwa kuliko yote lilikuwa maji. Kikosi kilikuwa na gari lake la tangi, lakini liliharibika Changamwe likawa linangoja chuma kimoja. Kapteni hakutaka kungoja. Alitaka matanuri yawashwe kila siku yajaribiwe, na biskuti ngumu za safari ziokwe, na bila maji unga haushiki. Akamuuliza baba, "Sajini, wewe ni mtu wa hapa. Maji yako wapi?"

Baba angeweza kusema hajui. Lakini alikuwa sajini mpya, mistari ya begani ingali inang'aa, na alikuwa amefundishwa misheni kwamba mkubwa haongopewi. Akasema kiko kisima cha maji mazuri, cha mama mkwe wake.

Mama hakuwepo. Alikuwa amepelekwa Rabai kwa wazazi wa baba kunizaa mimi. Kwa hivyo mjumbe wa siku zote hayupo, na baba akamchagua mwingine: Wafula, kijana kutoka bara kwa Wabukusu, mcheshi, mkandaji mzuri wa unga. Lori lilisimama barabarani. Baba alisimama nyuma yake, kofia mkononi, amegeuza mgongo kama inavyotakiwa. Wafula akapiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani wewe?"

"Mimi Wafula, askari ya Sajini Dishon. Sajini ananituma, anakusalimia sana. Anaomba maji kidogo tu, mpaka gari yetu ya maji ivuke."

Bibi aliona mgongo wa mkwewe kule barabarani. Mkwe ameomba maji, tena kwa adabu. Angekataaje? "Mwambie ateke," akasema. "Lakini ateke alfajiri, na jamvi lirudi mahali pake. Mwenyewe ajua."

Baba alijua, na siku za kwanza alilitii hilo. Alfajiri lori lilikuja, vijana wakateka madebe kwa utaratibu, jamvi likarudishwa. Bibi aliwasikia akiwa ndani, akaridhika. Hata aliwaambia majirani kwamba mkwewe ana adabu, hakuna mkwe kama huyo Pwani nzima.

Kisha meli ikaahirishwa, kisha ikaahirishwa tena, bila sababu yoyote kutolewa. Chuma cha gari la tangi kikafika, gari likapona, lakini feri ikawa haina nafasi kwalo. Kapteni akaingiwa na wazimu. Biskuti za safari zilikuwa zimeliwa na kikosi kikingoja safari, kwa hivyo lazima ziokwe upya, na matanuri yawashwe mara mbili kwa siku. Akaamuru maji yatekwe na mchana pia.

Baba akamtuma Wafula tena. Lori likasimama palepale, jua la utosini.

"Mama, Sajini anaomba na mchana," Wafula alisema.

"Na mchana?" Bibi aliacha kinu. "Mchana wa kaskazi? Hebu nenda ukamwambie huyo bwana aliyekutuma, kisima hiki alichimba Kalama, hakuchimba serikali. Mwambie akiteka mchana ananiua mimi, na yeye ajua ananiua. Mwambie hapana. Wasikia? Hapana. Akiteka basi ni mwizi kama wezi wengine, hata akiwa na mistari begani."

Wafula alipokea maneno hayo yote. Akatembea kutoka uani mpaka barabarani, na katika mwendo huo mfupi kisima chetu kikapotea. Kwao Wabukusu ukwe ni mzito kama kwetu, pengine zaidi. Kwao mtu hachukui tusi la mama mkwe akalipeleka kwa mkwe. Akilipeleka ni kama ametukana yeye mwenyewe. Mjumbe mwema huyaacha makali njiani. Basi Wafula akafanya alivyolelewa. Alifika kwa baba akapiga saluti.

"Mama anasema ni sawa, Sajini. Ila tuangalie tusimwage."

Baba alishangaa kidogo, alinisimulia hivyo. Lakini ni nani angeenda kumuuliza mama mkwe, "Una hakika?" Lori likarudi nyuma mpaka kisimani, jamvi likatupwa kando, na madebe yakaanza kushuka.

Fikiria bibi yangu siku ile. Anawasikia wakicheka, anasikia kamba inavyokwaruza mdomo wa kisima, debe baada ya debe. Sauti anayo ya kuwafukuza. Mkono wa mchi anao. Lakini mkwe wake amesimama pale nje, na mama mkwe hawezi kutoka akasimama mbele ya mkwe akafoka. Haya ilimfungia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akawa anapiga masufuria chini na kulia kwa hasira, na wale vijana nje wakadhani mama anapika.

Jirani yake Rosalia, mke wa karani wa reli, alikuja jioni na ndoo yake akakuta maji yako chini sana. "Kafedha, mbona umewaachia?"

"Nimekataa. Nimesema hapana kwa kinywa changu. Mkwe wangu hataki kukataliwa."

"Basi kamwambie mwenyewe."

"Nimwambie kwa uso upi?" bibi alisema, na hapo mazungumzo yakaisha.

Siku zikaenda hivyo. Harufu ya mikate ikatanda Timbwani, na watu wamelala na njaa. Sijui kama mtu aliyeshiba anaweza kuelewa jambo hilo. Mikate iliyogoma kuumuka, na ilikuwa mingi kwa sababu ya ile hamira iliyokufa, Kapteni aliamuru ifukiwe shimoni, eti askari wasiiuze. Watoto wa Timbwani walisimama kwenye ua wa kambi wakitazama mikate ikimwagiwa mchanga. Kila alipofika hapa bibi alikuwa akitema mate chini, na mimi pia natamani kutema.

Baba, kwa upande wake, aliamini mama mkwe ni mtu wa ajabu, mkarimu kupita kiasi. Akachagua mkate mmoja ulioumuka vizuri, akaufunga kwa kitambaa safi, akamtuma Wafula aupeleke kama shukrani.

Bibi aliufungua. Mkate mweupe, wa moto bado. Kwake yeye ilikuwa dhihaka: amemwambia hapana, amemwita mwizi, naye anamjibu kwa mkate uliokandwa kwa maji aliyoyaiba! Aliumega vipande akawatupia kuku. Mkate wa ngano, mwaka ule wa njaa, bibi yangu ambaye hakuwa amekula tangu jana yake, aliwatupia kuku. Wafula akasimama mdomo wazi.

"Kamwambie ulivyoona," bibi akasema.

Wafula akaenda akasema, "Mama ameshukuru sana, Sajini."

Asubuhi moja bibi alipika uji, akaonja, akadhani ametia chumvi kwa kusahau. Akaumwaga, akapika mwingine. Kisha akaacha jiko, akaenda kisimani, akateka kwa kata, akanywa. Akakaa chini hapohapo kwenye mdomo wa kisima. Haikuchukua muda kunde zikaungua ncha za majani, mchicha ukalala. Majirani waliteka mara moja, wakatema, wakaanza kwenda mbali, na walipoacha kuja, samaki na nazi navyo vikaacha kuja. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na njaa yao, na njia yao ya kwenda majini haikupita tena kwa Kafedha.

Amri ya safari ilikuja ghafla, kama zinavyokuja amri za watu wasiojali. Kikosi kizima kiwe kivukoni alfajiri, kimya, askari wasimuage mtu. Baba hakupewa hata nafasi ya kupeleka habari Rabai, ambako mimi nilikuwa nimezaliwa juma lile na yeye hajui kama ni wa kike au wa kiume. Malori yakaunguruma kabla ya jua. Bibi aliyasikia. Alijifunga leso kiunoni akatoka peku, hakufunga hata mlango.

Kule kivukoni ilikuwa fujo. Magunia yamepandishwa kabla ya matanuri ilhali matanuri yalitakiwa yaingie kwanza, sasa magunia yanashushwa tena. Kapteni anafoka, fundi wa feri anafoka, vijana wa mabuti yaliyopasuka wanasukuma chuma kwenye mchanga. Baba alikuwa katikati, ameshika kamba.

"Dishon!"

Hapakuwa na mtu Likoni aliyewahi kumsikia bibi akitaja jina hilo. Kamba ilimtoka baba mkononi. Akageuza uso upande, kwa mazoea.

"Usigeuke. Leo nitazame. Nitazame, nami nikutazame." Bibi alikwenda akasimama mbele yake, karibu kabisa, kichwa chake kikifika kwenye vifungo vya shati la jeshi. "Niliposema hapana, hukusikia? Nilikwita mwizi, hukusikia? Mkate wako waliula kuku. Kisima cha Kalama kimekufa, kimekuwa bahari, na wewe umekiua, wewe uliyejua!"

Baba alimtazama. Aliniambia kwamba hofu aliyoiona baadaye huko Bama haikuifikia ile. Na neno lake la kwanza kwa mama mkwe wake lilikuwa hili: "Mama, mimi niliambiwa umekubali."

"Nani aliyekubali?"

"Niliambiwa umekubali, na umeshukuru. Mama, neno la kumwambia Kapteni nilikuwa nalo tayari. Ungekataa, ningemwambia kisima kimekauka. Nilingoja hapana yako tu."

Wote wawili wakamgeukia Wafula. Alikuwa na gunia la unga begani na hakuliteremsha. Alitazama mabuti yake.

"Wafula," baba akasema, "mama alikwambia nini?"

"Sajini, kwetu maneno mabaya ya mama mkwe hayabebwi. Ni mwiko. Mimi nilifikiri ninatengeneza."

Kapteni alikuja mbio akiuliza mwanamke huyu ni nani na nani aliyemruhusu, na aondolewe mara moja. Askari wawili walisogea, wakamtazama bibi, wakasimama. Hasira yake ilikuwa imefika pale ikiwa kamili, na sasa haikuwa na mtu wa kuipokea. Mwizi hakuwa mwizi. Mwongo alidhani anafanya wema. Na mkubwa mwenyewe alikuwa anapiga kelele kwa lugha ambayo bibi hakuijua. Lakini alikuwa na kunde zilizoungua na kisima kilichokufa, na hakukubali kurudi nyumbani mikono mitupu.

"Mimi sitaki kujua nani alisema nini," akamwambia baba. "Wewe wavijua visima vya hapa. Hukuhitaji kuambiwa. Sasa nisikie, na neno hili halipiti kwa mtu: usikanyage kwangu mpaka maji yale yawe matamu."

Feri ikaondoka na baba amesimama nyuma, uso ameuelekeza kwa bibi. Tanuri moja halikuweza kupanda. Baada ya maji yote yale na kisima kizima, tanuri likaachwa ufuoni Likoni, likaota kutu, watoto wakalifanya nyumba ya kuchezea mpaka chuma chake kikaisha.

Na alasiri ya siku hiyohiyo, gari la tangi likavuka. Ndiyo. Lilikuja Timbwani limejaa maji matamu ya bomba pomoni, dereva akaanza kuuliza waoka mikate wako wapi. Bibi akamwambia wameondoka. Rosalia na wanawake wengine wakaja mbio na ndoo. Dereva akasema amri yake ni maji ya jeshi kwa jeshi, na gari lirudi tupu ili feri ilibebe. Akafungua bomba, akayamwaga barabarani mbele yao. Wanawake walikinga walichoweza kwa mikono na masufuria. Bibi hakukinga. Alisimama mlangoni akatazama mchanga ukinywa.

Akaishi hivyo miaka ile iliyobaki ya vita, akiteka maji mbali na kuwafulia watu wa reli nguo. Masika yalipokuja alionja kisima. Masika ya pili akaonja. Kila asubuhi, kabla hata ya kuomba, alionja akatema.

Baba alirudi mwaka wa arobaini na sita, amekonda, homa ya Bama ingali mwilini. Wafula hakurudi, alizikwa kisiwani Seloni kwa homa hiyohiyo, na habari hiyo ilikuwa imefika Likoni kabla yetu. Baba alikwenda kwanza Rabai akaniona mimi kwa mara ya kwanza, kisha akatuchukua mimi na mama tukaja Likoni. Alipofika kwenye ua wa bibi akasimama. Mama akamwambia twende. Hakwenda. Akiwa na mfuko wake wa jeshi begani, alisimama barabarani palepale alipokuwa akisimama siku za lori, ila safari hii hakugeuza mgongo.

"Kamuulize mama maji yakoje," akamwambia mama yangu.

Mama akaingia. Bibi alikuwa anachambua dagaa. "Kamwambie," akaanza. Akaweka ungo chini. "La. Usimwambie kitu."

Akaenda kisimani mwenyewe, akateka kata moja, akatembea nayo mpaka barabarani bila kumwaga. Akampa baba mkononi. Baba akainywa yote, taratibu, mpaka chini.

"Ni matamu, mama," akasema.

"Kumbe Wafula hakufa," bibi akasema. "Yuko hapa, kanisimamia barabarani."

Baba akainamisha kichwa. Mama alitaka kusema kitu, bibi akamnyooshea kidole anyamaze.

"Maji haya yakoje, Dishon?"

"Ni chumvi, mama. Ni chumvi tupu."

"Nani aliyatia chumvi?"

"Mimi."

"Haya," bibi akasema, akachukua kata yake. "Ingia." Naye akatangulia kuingia, akaenda kuitafuta sururu ya babu Kalama.